Muulize Fundi: Niongeze laki tatu na sabini nipate yenye "Ti"?

SWALI: Habari fundi, pole na majukumu. Mimi ni kijana nakaa Area C hapa Dodoma, kazi yangu kupiga na kuediti video za harusi na sendofu, usiku nikishamaliza kazi nacheza gemu kidogo, GTA V na FC. Kadi yangu ya grafiki ni GTX 1050 Ti, imeshachoka, nimejichanga nataka kubadilisha. Kuna duka Kariakoo wana RTX 4060 mpya kwa 980,000 na RTX 4060 Ti ya GB 8 kwa 1,350,000. Muuzaji kaniambia Ti ni moto wa kuotea mbali, ina core 4352 wakati ile nyingine ina 3072 tu, nikichukua ndogo nitajuta. Washkaji nao wamegawanyika, mmoja anasema ongeza hela umalize kabisa maana kwenye gharama ya kompyuta nzima hiyo laki tatu si kitu, mwingine anasema hutaona tofauti yoyote. Mashine yangu ni Core i5-12400F, RAM GB 16, pawa saplai ya wati 550, monita ya inchi 24, 1080p, Hz 60. Kamera natumia Sony. Nisaidie kaka, hii 370,000 niiongeze au niiache?
Mpiga video, Area C

JIBU: Mpiga video, kwa ulivyoniandikia, usiiongeze. Ila soma mpaka mwisho, maana kuna neno moja umelitaja juu juu tu, "Sony", na hilo linaweza kukufanya uache kadi zote mbili.

Tuanze na hizo core, yaani vile vichakataji vidogo vidogo ndani ya kadi, maana ndio silaha ya muuzaji. Hajakudanganya, kweli Ti ina 4352 na nyingine 3072, ni zaidi ya asilimia 40 hapo. Sasa ungetegemea na kasi nayo ipande asilimia 40 lakini haipandi, kwenye gemu za 1080p Ti inaizidi ndugu yake kama asilimia 20 hivi, gemu nyingine inazidi kidogo hapo nyingine haifiki. Sababu ni memori. Core zote hizo zinasubiri data kutoka kwenye memori, na memori ya kadi hizi mbili ni karibu ile ile, zote GB 8, zote njia ya biti 128, moja inapitisha GB 272 kwa sekunde nyingine GB 288, yaani tofauti ya asilimia 6 tu. Ni sawa na kuongeza wapishi kwenye shughuli halafu anayechota maji bombani ni yule yule mmoja. Muuzaji amekusomea idadi ya wapishi.

Kwenye bei sasa. 370,000 juu ya 980,000 ni kama asilimia 38. Unalipa 38 unapata 20. Na hii si Kariakoo peke yake, hata huko zilikotoka mwaka 2023 ilikuwa hivyo, Ti ilitoka Mei kwa dola 399 na 4060 ikafuata Juni kwa dola 299. Dola 100 ikifika huku inakuwa imenenepa, maana VAT ya asilimia 18 na faida ya kila mkono inakopita vinahesabiwa juu ya bei, kwa hiyo kitu ghali kinazidi kuwa ghali.

Mshkaji wako wa kwanza nimtetee kidogo, hoja yake si ya kijinga. Mtu anayejenga kompyuta kutoka sifuri, tuseme nzima nzima ikiwa na 4060 inasimama milioni 2 na laki 4, akiongeza 370,000 ameongeza asilimia 15 tu kwenye gharama yote halafu anapata gemu zinazokwenda kasi kwa asilimia 20. Ukiitazama hivyo Ti inaonekana dili. Ila wewe kompyuta ulishailipia, ile hela haipo tena mezani, iliyopo ni hii ya leo, na cha kujiuliza ni hii laki tatu na sabini ikiwekwa pengine ingekufanyia nini. Nitarudi hapo.

Halafu monita. Hapa ndipo wengi wanapopigwa, na hakuna muuzaji atakayekuuliza una monita gani. Yako ni Hz 60, maana yake inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 16.7. Chukulia gemu ambayo 4060 inatoa fremu, yaani picha, 80 kwa sekunde na Ti inatoa 96. Ya kwanza inamaliza fremu moja kwa milisekunde 12.5, ya pili kwa 10.4, zote zimemaliza kabla monita haijawa tayari kupokea, kwa hiyo unachokiona kwa macho ni 60 na 60. Wale wa Valorant, gemu ya kulengana risasi, watanibishia kwamba hata hivyo mkono unajibu haraka kidogo, sawa, nakubali, ila wewe unacheza GTA V ambayo kwenye kompyuta imetoka 2015, kadi zote mbili zinaipita hiyo 60 bila kutoka jasho. Ingekuwa asilimia 20 hiyo hiyo inakutoa fremu 50 inakupeleka 60, hapo ungeiona wazi kabisa, na ningekwambia lipa. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia muulize kutoka ngapi kwenda ngapi, halafu angalia monita yako.

Haya, gemu tuziache, chakula chako kinatoka kwenye harusi.

Unapomaliza kuediti ukabonyeza itoe video, kazi ya kuibana ile video kuwa H.264 au H.265 haifanywi na zile core, inafanywa na kijisehemu maalumu ndani ya kadi kinaitwa NVENC. 4060 inacho kimoja. 4060 Ti inacho kimoja, kizazi kile kile. Kwa hiyo harusi ya kawaida, kukata na kuunganisha vipande, rangi kidogo, maandishi, muda wa kurenda utapishana kidogo sana. Ti itakusaidia pale unapoweka efekti nzito, kama kusafisha chenga kwenye video iliyopigwa ukumbini taa hafifu, pale core zinafanya kazi kweli. Kama kila kazi yako ni ya hivyo basi una hoja, ila nina wasiwasi kama ni kila kazi. Na memori ikijaa kwenye mradi mzito wa 4K, GB 8 ni GB 8, Ti haitakuokoa. Ipo Ti ya GB 16, ilitoka Julai 2023 kwa dola 499, hiyo bei yake ni habari nyingine kabisa.

Sasa Sony. Hujaniambia ni Sony gani. Kama ni A7 III au ZV-E10 ile ya kwanza, hizo ndani yake zinarekodi biti 8, 4:2:0, yaani taarifa za rangi zinapunguzwa ili faili liwe jepesi, chukua 4060 urudi nyumbani. Lakini kama ni A7 IV au FX30, ingia kwenye menyu ya kurekodi uangalie, kuna uwezekano mkubwa umeiweka 4:2:2 biti 10, inayohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi, kwa sababu mtu alikwambia rangi zinakuwa nzuri. Na ni kweli zinakuwa nzuri. Shida ni kwamba kadi za mfululizo wa 40 wa RTX, zote, kuanzia hiyo 4060 mpaka 4090 ya mamilioni, hazina uwezo wa kuzifungua faili za 4:2:2 kwenye kile kijisehemu chao cha video. Kazi yote inarudi kwa prosesa. Ndio maana unaburuta taimlaini video inakwamakwama, bibi harusi ananyanyua mguu dakika hii anaukanyaga dakika ijayo, unadhani kadi imechoka kumbe haihusiki.

Wengine huwa wanaokolewa na grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, maana i5-12400 ya kawaida inazifungua zile faili za H.265 za 4:2:2 vizuri tu. Yako ni 12400F. Hiyo F ndio alama kwamba grafiki ya ndani haipo, ulipunguziwa bei kwa ajili hiyo.

Unaweza kupima leo hii hii bila kutoa hata mia, na hiyo hiyo 1050 Ti uliyonayo. Fungua video yako kwenye programu ya kuediti, icheze, halafu fungua Task Manager, nenda kwenye GPU uangalie grafu ya Video Decode. Kama inacheza juu chini, faili zako zinafunguliwa na kadi. Kama imelala kwenye sifuri huku CPU imepanda karibu na 100, kuna uwezekano mkubwa ugonjwa wako ni huo niliokueleza, na kama ndio huo ukilipa 980,000 au 1,350,000 utakwama vile vile.

Ukigundua ni hivyo, dawa ya bure ni kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video zako, unaeditia hizo halafu mwisho programu inarudi kwenye zile halisi. Premiere na DaVinci zote zinafanya. Inakula muda na nafasi kwenye diski lakini haina gharama. Dawa ya kulipia ni RTX 5060. Hii imetoka Mei 2025 kwa dola zile zile 299 za 4060, ina uwezo wa kufungua 4:2:2, memori yake ni GDDR7 inayopitisha GB 448 kwa sekunde, na kwenye gemu inatembea na 4060 Ti bega kwa bega au inaitangulia kidogo. Inakula wati 145, pawa saplai yako inaitosha. Hakikisha tu programu ya kuediti ni toleo la 2025 kuja mbele, za zamani hazitautumia huo uwezo. Kwa hiyo kabla hujatuma hela Kariakoo muulize huyo muuzaji bei ya 5060. Ikiwa chini ya hiyo 1,350,000, sioni sababu ya mtu yeyote kununua Ti ya GB 8 mpya leo, iwe kwa gemu au kwa kazi. Hapo kuongeza hela juu ya 4060 nakuunga mkono, kwa sababu unanunua kitu ambacho ile nyingine haiwezi kabisa kukifanya.

Ila kama kamera yako ni ya 4:2:0, hiyo 370,000 rudi nayo. Nunua UPS maana umeme wa huku unaujua, na diski ya pili ya kuhifadhia. Mteja wako hatakuja kukuuliza fremu ngapi, atakuja siku diski imekufa na harusi ya mwanae imo ndani.

Umeme usikutishe, kuna watu wanakwambia kadi kubwa inamaliza LUKU. 4060 ni wati 115, Ti ni 160, zimepishana wati 45. Ukizitumia kwa nguvu zote saa nne kila siku ni kama yuniti 5 na nusu kwa mwezi, kwa bei ya 350 hivi kwa yuniti haifiki hata elfu mbili. Na mwisho, dai risiti ya EFD na waranti iandikwe. Siku hizi na SGR unaweza kwenda Dar asubuhi na kurudi jioni, lakini nauli ya kurudisha kadi mbovu nayo ni hela. Duka la hapa mjini likikuzidishia elfu thelathini arobaini na una uhakika wa kuwakuta wiki ijayo, wape.

SWALI: Fundi mambo vipi, mimi ni mwanafunzi UDOM. Nina Dell OptiPlex 7050 lile refu, i5-7500, nilinunua mtumba. Nimepata GTX 1660 Super kwa laki tatu na nusu na kuna jamaa mwingine ana 1660 Ti anataka laki nne, zote zimetumika. Hiyo elfu hamsini inalipa kweli?
Mwanachuo

JIBU: Poa mdogo wangu. Hailipi. Ti ilitoka Februari 2019 kwa dola 279, Super ikaja Oktoba mwaka huo huo kwa dola 229, na ilivyokuja iliiharibia kabisa soko mwenzake. Core ni pungufu, 1408 kwa 1536, lakini memori yake ina kasi zaidi, GB 336 kwa sekunde dhidi ya 288, kwa hiyo mwishoni zinapishana asilimia chache sana, mtu akikufunika jina hutajua ipi ni ipi. Kwenye kadi za kutumika za aina hii kasi iweke pembeni, chukua ambayo hali yake ni nzuri, hata ikiwa ndio ya bei ya chini.

Ila una tatizo kubwa kuliko hilo na sijui kama wauzaji wako wamekwambia. Hiyo OptiPlex imekuja na pawa saplai ya wati 240, na haina waya wa kupeleka umeme kwenye kadi. Kadi zote mbili zinakula wati 120 na ushee na zinataka ule mkia wa pini 8. Kubadilisha pawa saplai inawezekana lakini mazabodi ya Dell haitumii plagi za kawaida, utatafuta adapta, utatafuta pawa saplai inayoenea kwenye boksi, na ukijumlisha unaweza kukuta laki tatu na nusu yako imeshapita nne na nusu. Kama hutaki hizo hekaheka tafuta GTX 1650 ya wati 75, ile isiyo na mkia wa umeme kabisa, inakula moja kwa moja kutoka kwenye mazabodi. Angalia vizuri maana kuna kampuni zimetoa 1650 zenye pini 6. Kasi ni ndogo, ndio, lakini itawaka.

Ukiamua bado 1660, ujue nyingi za hizi zilikuwa migodini kuchimba Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, na tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilipobadilisha mfumo uchimbaji ule ukafa, kadi zikamwagwa sokoni duniani kote. Haimaanishi ni mbovu, ila feni zinakuwa zimekimbia usiku na mchana. Zungusha feni kwa kidole usikie kama inakwaruza, kisha omba muwashe FurMark, programu ya kuikamua kadi kwa nguvu zote, dakika kumi na tano hapo hapo, akikataa ondoka. Fungua na GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kuna kadi za zamani mno zimebadilishwa jina ndani zikauzwa kama GTX, na hiyo programu huwa inaziandikia wazi kwamba ni feki.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Kijana wangu anasoma mwaka wa pili chuo, anasema anataka kadi ya kompyuta kwa ajili ya AutoCAD. Kwanza alisema RTX 4060, nikakubali. Sasa anasema kuna ya namna hiyo hiyo ila imeandikwa OC na ina feni tatu, imezidi laki moja na nusu, eti ina kasi zaidi. Je ni kweli au ananila hela?
Mama, Nkuhungu

JIBU: Shikamoo mama. Kasi ipo lakini ni ya kutafuta kwa tochi. 4060 ya kawaida imepangiwa MHz 2460, zile za OC nyingi zinaongezwa kidogo tu kiwandani, inakuja asilimia 1 mpaka 3, hakuna binadamu anayeiona hiyo. Unacholipia hasa ni zile feni tatu na bati la kupozea. Hilo lina faida yake, kadi inakuwa kimya zaidi na haichemki sana, na Dodoma hii mwezi wa kumi na moja joto lake si la mchezo, lakini 4060 ni kadi isiyo na joto kali, feni mbili zinaitosha kabisa. Kinachoua kompyuta huku kwetu ni vumbi. Boksi lisikae chini sakafuni, na kila baada ya mwezi au miwili apulize na bloa akiwa ameshika feni isizunguke.

Kuhusu AutoCAD mama, nisimsemee vibaya kijana. Michoro ya kawaida ya AutoCAD inategemea zaidi prosesa na RAM, hata kadi ndogo kuliko 4060 ingemtosha. Kama anafanya na picha za 3D za majengo kwa programu kama Lumion au Blender, hapo 4060 ina kazi, muombe akuonyeshe mradi mmoja. Akikuonyesha, mnunulie ya feni mbili. Laki na nusu hiyo kaa nayo, au mwambie akuandikie RAM aliyonayo ni GB ngapi, ikiwa 8 basi sehemu ya hela iende huko.